Nilisema Twila Amekataa

Jumapili, 11 Aprili 2021
Daftari hili sikulinunua kwa kupenda. Watu wa posho ya wasio na kazi wanataka kila wiki uandike mahali patatu ulipokwenda kuomba kazi, siku gani, ulisema na nani. Basi naandika. Shule niliacha darasa la sita nikaenda kukata tumbaku, lakini mwandiko wangu unasomeka, na marehemu mke wangu alikuwa akisema barua zangu zina sauti.
Wiki hii: duka la mbao, hawataki mzee. Kituo cha mafuta, wanataka mtu wa kukesha. Kanisani, mfagiaji, wamempa mpwa wa mchungaji.
Mimi ni Hobart Ledford, miaka sabini na mitatu, mpishi wa asubuhi mgahawani kwa Cagle miaka arobaini na mmoja. Tennessee hii, upande wetu wa milimani, hakuna mtu anayegeuza yai kama mimi. Nashika oda kumi na mbili kichwani bila karatasi. Waulize.

Jumatano, 14 Aprili
Mvua.

Jumamosi, 17 Aprili
Twila Messer alipita kuniletea maboga ya mama yake, yale ya akiba ya mwaka jana. Huyu ni mhudumu wa meza pale pale kwa Cagle, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, mimi nyuma kwenye moto, yeye mbele na birika la kahawa. Mwaka jana korona ilipotufungia mgahawa, yeye ndiye aliyeniombea posho, pamoja na yake mwenyewe. Tulikaa ndani ya pikapu yangu, akabonyeza kila kitu kwenye simu yake, mimi nikimtajia majina na tarehe. Nikamwambia, mtu akijua, nakana mpaka kaburini. Akacheka, akasema, "Mzee Hobart, siri yako nimeimeza." Na kweli kaimeza.
Maana mimi ndiye niliyesema miaka yote, mbele ya kaunta nzima, kwamba sijawahi kula senti ya serikali na sitakula.
Sasa nakula. Na neno la aibu zaidi niliandike hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: posho pamoja na ile nyongeza ya korona, dola mia tatu kwa wiki, inazidi mshahara wangu. Cagle ananipa dola tisa kwa saa. Twila anapewa dola mbili na senti kumi na tatu, mengine ajitafutie kwenye bakshishi. Mtu unakaanga mayai miaka arobaini na mmoja, halafu unaketi tu kibarazani ndipo unalipwa vizuri.
Kwa hiyo pesa natengenezewa meno. Ya juu yote na ya chini yote. Odell Rusk, jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, nimemwambia nimeuza bunduki ya babu.

Jumatatu, 19 Aprili
Garnet Cagle kapiga simu. Huyu ni mtoto wa Cagle mzee, mgahawa sasa ni wake. Anasema anafungua meza zote, nirudi.
"Dola ngapi?" nikauliza.
"Tisa, mzee wangu. Ungetaka ngapi na hali hii?"
Nikamwambia goti linaniuma, anipe wiki chache. Goti haliniumi. Meno hayajakwisha kulipiwa.

Jumapili, 25 Aprili
Nimepiga ile simu ya kila Jumapili ya watu wa posho. Sauti ya mashine inauliza: je, wiki hii ulikataa kazi yoyote? Nimebonyeza hapana.

Jumapili, 2 Mei
Nimebonyeza hapana.

Jumamosi, 8 Mei
Meno yamekuja! Nimekula hindi la kuchemsha mbele ya kioo.

Jumatatu, 10 Mei
Nimerudi kazini. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshawasha moto na unga wa skonzi uko mezani. Walipoingia wazee wa kahawa, Odell mbele yao, wakanipigia makofi. Odell akasema, "Tazameni! Vijana wamelala na hela za serikali, babu wa miaka sabini na mitatu kasimama kwenye moto." Nikasema, "Mimi hata wakinipa sizitaki." Ilitoka yenyewe. Imetoka mara nyingi mno, imezoea njia.
Mayai mia na kumi kufikia saa nne. Hakuna hata moja lililovunjika kiini.

Alhamisi, 13 Mei
Nyenze wameanza kutoka ardhini. Ni wale wadudu wa kelele wa kila miaka kumi na saba. Mara ya mwisho nilikuwa na mke.

Jumatano, 19 Mei
Nyenze kila mahali. Mtu akisema kibarazani lazima apaze sauti. Garnet ametundika bango nje, TUNAAJIRI. Hajaja mtu. Anazunguka meza mwenyewe na birika, anamwagia watu kahawa vidoleni.

Ijumaa, 21 Mei
Naandika hii polepole.
Asubuhi Garnet kaniambia, "Mzee, mpigie Twila. Mwambie Jumatatu saa kumi na mbili awe hapa." Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu haitwi kazini kwa barua. Bosi anamwambia mpishi, mpishi anamwambia mhudumu, na imetosha.
Nikatoka mlango wa nyuma, nikampigia. Nyenze wanapiga kelele kama msumeno. Nikamwambia, "Bosi anakutaka Jumatatu, saa kumi na mbili."
Akasema, "Shule zimefungwa leo kwa likizo ndefu, Mzee Hobart. Kile kituo cha kulelea watoto hakijafunguliwa tangu baridi. Marlee ana miaka saba, siwezi kumwacha mtoto peke yake na mama anaumwa kitandani. Lakini jirani yangu anatoka zamu saa tatu, atanishikia. Muulize Garnet kama naweza kuanza saa nne. Akisema ndiyo, Jumatatu nipo."
Mimi nikamwambia kazi ni kazi, sisi wengine tuliitwa tukaja.
Akacheka. Hakuwa na ubaya, naapa. Akasema, "Wewe? Wewe uliumwa goti mpaka meno yakakwisha lipiwa!"
Nikakata simu.
Sikujua aliyajua ya meno. Nilisimama pale, uso unawaka, nasikia kicheko chake kwenye kelele za wale wadudu. Nikaingia ndani. Garnet yuko kwenye kaunta, Odell na wenzake wamejipanga na vikombe vyao.
"Kasemaje?" Garnet akauliza.
Nikasema, "Amekataa."
Odell akapiga meza. "Si nilisema!"
Na hapo ningeweza kunyamaza. Nikaongeza, "Anasema hela ya serikali inamtosha."
Wakacheka kaunta nzima. Nikacheka nao, na meno yangu mapya.

Jumatatu, 24 Mei
Garnet ameniletea karatasi. Imeandikwa kwamba mfanyakazi Twila Messer ameitwa kazini, amekataa, na shahidi ni mimi. Inakwenda kwa watu wa posho. Anasema wanataka kuwajua wanaokataa.
"Sahihi yako hapo chini, mzee wangu."
Nilisoma yote. Nasema hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusoma. Nikatia sahihi, nikarudi kwenye skonzi.

Jumanne, 25 Mei
Joto.

Jumapili, 30 Mei
Twila alikuja nyumbani baada ya kanisa. Hakukaa. Posho yake imekatwa tangu Ijumaa. Kaonyeshwa sababu kwenye simu: alikataa kazi.
Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee Hobart, ulimuuliza ya saa nne?"
Nikasema, "Nilimuuliza. Akasema haiwezekani."
Akanitazama. Kisha akasema, "Haya. Nitamuuliza mwenyewe."
Nikamwambia Garnet ana hasira siku hizi, bora amwache kidogo. Nilitamka hivyo hivyo, kama mtu anayemtakia heri.

Jumanne, 1 Juni
Amemuuliza. Kamfuata Garnet nje pale wanapoegesha magari, mimi naona kwa dirisha la jikoni. Garnet anatikisa kichwa, ananyoosha kidole jikoni. Twila akageuka akatazama dirisha. Nikainama kama naokota kijiko.
Garnet alipoingia akasema, "Anadai hakukataa. Anadai alitaka saa nne. Ulisikia hivyo?"
Nikasema, "Kelele za wadudu zilikuwa nyingi."
"Mimi sijui," akasema. "Ni maneno yako na yake. Na wewe nakujua tangu nazaliwa."

Ijumaa, 4 Juni
Mayai tisini.

Jumatano, 9 Juni
Twila amekata rufaa. Odell ndiye aliyeleta habari, mkwe wake anafanya kazi posta na hawezi kufunga mdomo. Odell anasema, "Anataka alipwe kwa kulala!" Wakanitazama niongeze neno, maana mimi ndiye wa kuongeza maneno. Nikasema nyama inaungua.

Jumatatu, 14 Juni
Garnet kapata mhudumu, msichana wa ng'ambo ya mto. Hawezi kuja mapema, hana usafiri. Garnet kampa saa nne.
Nilimuuliza, "Saa nne? Na asubuhi nani atahudumia?"
"Nitajikokota mwenyewe. Saa nne ndipo watu wanajaa." Kisha akasema, akifuta kaunta, wala hakuwa akinisema mimi, "Ningempa Twila hiyo hiyo. Angesema tu."
Niliunguza skonzi trei nzima. Miaka arobaini na mmoja, sijawahi.

Alhamisi, 17 Juni
Msichana ameacha. Siku tatu. Kapata dola kumi na saba za bakshishi kwa siku zote tatu, akavua aproni akaiweka juu ya mashine ya kahawa. Wazee wakasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Odell ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Odell anakunywa vikombe vitano na kuacha senti ishirini na tano. Miaka yote hii naiona ile sarafu, na leo ndiyo mara ya kwanza naiona.

Jumatano, 23 Juni
Nyenze wamekwisha. Wamelala chini ya miti wamekauka, ukikanyaga wanalia kama maganda ya karanga. Kimya chao kinachosha kuliko kelele.

Jumamosi, 26 Juni
Niandike hili pia.
Nilikuwa natoka kununua mafuta ya kupikia. Jua la saa nane, lami inatoa mvuke. Nikamwona Twila anatembea kando ya barabara kuu, mifuko miwili ya duka mkononi, mtoto mbele yake. Gari lake halipo, nimesikia kaliuza. Kutoka pale mpaka nyumba yao ni maili mbili na nusu.
Pikapu yangu ina nafasi ya watatu.
Nilipunguza mwendo. Mtoto akanipungia mkono, ananijua, namkaangia mkate umbo la dubu. Nikaongeza mwendo. Kwenye kioo nikamwona bado kanyanyua mkono.

Jumapili, 27 Juni
Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 3 Julai
Leo nyongeza ya dola mia tatu imekatwa jimbo zima, kwa wote. Gavana alishasema. Kaunta ilishangilia kama mpira. Odell anasema Jumanne foleni ya waomba kazi itafika barabarani.

Jumanne, 6 Julai
Hakuna foleni. Hakuja mtu.

Ijumaa, 9 Julai
Garnet kaniambia anatafuta benki ya kumkopesha. Nikamuuliza kuhusu ule mkopo wa serikali wa mwaka jana, ule wa biashara. Akasema ule alisamehewa wote. Alisema bila haya, na sikuona kwa nini aone haya; mgahawa ungekufa. Ila nilijiuliza kwa nini kwake unaitwa msaada na kwa Twila unaitwa uvivu. Halafu nikakumbuka ni nani aliyetoa hilo neno la hela ya serikali inamtosha. Haikuwa Garnet.

Jumatano, 14 Julai
Barua imekuja. Rufaa ya Twila itasikilizwa kwa simu tarehe thelathini, saa tatu asubuhi. Mimi ni shahidi wa mwajiri. Garnet anasema, "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Utasema kile ulichotia sahihi, basi."

Jumapili, 18 Julai
Nimefikiri niende kwa Twila nimwambie. Nimevaa shati, nimekaa kwenye pikapu, nimewasha. Nimezima. Nikajiambia nitasema siku ya rufaa, ndipo pana maana. Najijua. Nilikuwa natafuta siku ya mbali.

Jumatano, 28 Julai
Mayai sijahesabu.

Ijumaa, 30 Julai
Leo.
Tulikaa stoo, ndiyo ofisi yake, mimi juu ya ndoo ya mafuta, Garnet kwenye kiti. Ukuta wa stoo ni mbao nyembamba, upande wa pili ni kaunta. Nilisikia vikombe vyao vimenyamaza. Garnet akaweka simu spika. Mwamuzi ni mwanamke, sauti kavu ya mwalimu. Twila naye yuko kwenye simu, alisema "Nipo" tu. Mwamuzi akatuambia tuinue mkono wa kulia tuape. Nikainua, ingawa hanioni. Nadhani na Twila aliinua huko kwake.
Garnet kaulizwa kwanza. Je, wewe mwenyewe ulimpa kazi Bi Messer? Akasema, hapana, nilimtuma mpishi. Je, kuna barua? Hakuna, hapa kwetu hatuandikiani.
Kisha, "Bwana Ledford. Bi Messer alikuambia nini?"
Nikaanza, "Mama, mimi ni mpishi wa miaka arobaini na mmoja, hakuna siku niliyochelewa..."
"Bwana Ledford. Swali langu ni alikuambia nini."
Nikaangalia mikono yangu. Nikasema, "Alisema akianza saa nne, Jumatatu yupo."
Garnet akageuka.
"Alikataa kazi?"
"Hakukataa. Alitaka nimuulize bosi."
"Ulimuuliza?"
"Sikumuuliza."
"Hapa nina karatasi yenye sahihi yako inayosema alikataa. Sahihi ni yako?"
"Ni yangu."
"Uliisoma kabla ya kuitia sahihi?"
"Niliisoma yote."
Nikasikia mtu anapumua kwenye simu, sijui yupi. Mwamuzi akauliza, "Kwa nini ulisema amekataa?"
Nilikuwa na majibu tayari, wiki nzima nimeyapanga. Kelele za wadudu, umri, masikio. Nikasema, "Kwa sababu alinicheka."
"Alikucheka?"
"Alisema mimi mwenyewe niliitwa kazini Aprili nikasingizia goti, nikabaki nakula posho mpaka meno yangu yakakwisha. Na ni kweli. Aliponiambia, nikaona haya, na watu wamekaa kwenye kaunta. Nikamsemea yeye lile ambalo ni langu."
Akaniuliza kama naelewa kwamba nimeapa na maneno yangu yanarekodiwa. Nikasema naelewa. Akamuuliza Twila kama ana swali kwa shahidi.
Twila akasema, "Sina swali."
Si hasira wala kilio. Kama mtu anayefunga duka.
Simu ilipokatwa nikavua aproni nikaikunja, nikamwekea Garnet mezani. Akasema, "Kuna oda sita zimetundikwa. Vaa."
"Nifukuze, Garnet."
"Nikufukuze nikaangiwe na nani?" Kisha akasema, "Baba yangu angekufukuza." Akatoka.
Nilivaa. Nilipopitisha sahani dirishani, Odell alikuwa ananitazama mdomoni. Akasema, "Kumbe ile bunduki ya babu ilikuwa na meno!" Wakacheka wote, kile kicheko chao ninachokijua, nimekilisha miaka mingi. Nikaweka sahani.

Jumatatu, 2 Agosti
Hakuna anayenisemesha ila kwa oda.

Jumanne, 10 Agosti
Watu wa posho wameniandikia kuhusu Aprili. Nimewajibu kwa mkono wangu, ukurasa mmoja. Nimeandika ndiyo kila walipouliza.

Jumamosi, 14 Agosti
Twila kashinda. Sikusikia kwa Odell. Kaniambia mwenyewe.
Nilikuwa namwaga takataka nyuma, saa tatu hivi. Gari la kuazima likasimama, akashuka. Amevaa nguo ya buluu ya hospitali; anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee kule mjini, anaanza saa nne. Alikuja kuchukua viatu vyake vilivyobaki kwenye kabati la jikoni. Nilikimbia nikamletea. Nilivifuta kwanza.
Akasema, "Wamenirudishia. Wiki zote."
"Nimefurahi," nikasema.
"Sikuja kukushukuru, Hobart." Hakuniita mzee. "Nataka ujue tu. Nilimpeleka mtoto kula kanisani, kwenye ile meza ya bure. Gari niliuza kwa bei ya magurudumu yake. Na kila siku niliamka nikisema, leo atasema. Mzee Hobart ananijua, leo atasema. Ungeweza siku yoyote. Ungeweza Jumanne ile nilipokuona unainama dirishani."
Nilikuwa nimeshika kile kifuniko cha pipa. Mimi mtu wa majibu. Nilitaka kusema umri, nilitaka kusema nilisema mwisho wake, mbele ya kiapo, mbele ya watu, si haba. Neno lilifika mpaka kwenye meno.
"Wiki tisa," akasema. "Wiki tisa ulinitazama."
Yeye anahesabu tangu posho ilipokatwa mpaka siku ya rufaa. Mimi nina Ijumaa nyingine ya wiki moja kabla, ile ya simu, niliposimama mlango huu huu nikiwa bado sijasema lolote na bado inawezekana kuingia ndani na kusema saa nne.
"Kumi," nikamwambia.
Akanitazama, akaweka viatu garini, akaondoka.